Waigizaji wa A Raisin in the Sun, na kile chumba ambacho kamera haikukikimbia

Kijana mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mama. Tuna kikundi cha sanaa, na igizo letu moja la familia tumelicheza jukwaani miaka miwili sasa. Tunataka kulitengenezea filamu. Mwenzetu ametuonyesha filamu ya zamani ya Wamarekani Weusi, A Raisin in the Sun ya mwaka 1961, akasema tujifunze pale. Wengine wamegoma, wanasema ile si filamu, ni jukwaa lililowekewa kamera, maana watu wanabanana chumba kimoja mwanzo hadi mwisho. Je, waigizaji ni wale wale wa jukwaani? Ilitengenezwaje? Na sisi tutoke nje au tubaki ndani?"

Marahaba mwanangu, wasalimie wenzako. Nimefurahi kwamba mmebishana. Filamu ile nimewatazamisha vijana wengi niliowafundisha kuigiza, na kila mara ubishi ni huo huo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

La waigizaji kwanza. Ndiyo, kwa sehemu kubwa ni wale wale. Igizo lilifunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo za New York, katika ukumbi wa Ethel Barrymore, tarehe 11 Machi 1959, na likaonyeshwa mara 530. Filamu ilipopigwa mwaka uliofuata, waigizaji saba wa jukwaani waliingia nayo: Sidney Poitier kama Walter Lee Younger, dereva wa tajiri wa kizungu mwenye ndoto ya kufungua duka la pombe, Claudia McNeil kama Lena, mama yake, Ruby Dee kama Ruth, mkewe, Diana Sands kama Beneatha, dada yake anayetaka kuwa daktari, Ivan Dixon kama Joseph Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria, Louis Gossett kama George Murchison, mtoto wa kitajiri, na John Fiedler kama Karl Lindner, mzungu anayekuja kuwaomba wasihamie mtaa wao.

Waliobadilishwa ni wachache. Travis, mtoto wa Walter na Ruth, jukwaani alichezwa na Glynn Turman, aliyekuwa na miaka 12 siku ya ufunguzi. Kwenye filamu ni Stephen Perry. Mtoto hangoji studio ijipange. Bobo, yule rafiki anayeleta habari mbaya, jukwaani alikuwa Lonne Elder III, kwenye filamu Joel Fluellen.

Kwa wenzako ambao hawajaitazama: mzee Younger amekufa na ameacha bima ya dola 10,000. Familia ya watu watano inaishi kwenye vyumba vya kupanga upande wa kusini wa Chicago, mtoto analala kwenye kochi la sebuleni, choo na bafu viko kwenye ukumbi wa nje na wanagombea zamu na majirani. Kila mtu amezipigia zile hela hesabu yake. Mama anatoa dola 3,500 kununua nyumba mtaa wa Clybourne Park, ambako hakuna Mweusi hata mmoja. Zilizobaki, 6,500, anampa mwanawe: 3,000 aziweke benki kwa ajili ya masomo ya dada yake, zingine azisimamie mwenyewe. Walter anazitoa zote kwa mwenzake wa biashara, naye anatokomea.

Sasa turudi kwa wale saba, maana hapo ndipo wenzako waliogoma wanapokosea. Tazameni asubuhi ya kwanza. Saa ya kengele inalia, Ruth anamwamsha mtoto, anakimbizana na zamu ya bafu, anapika mayai, huku Walter anaongea kuhusu biashara yake na jibu analopata ni ale mayai yake. Ruby Dee haangalii meza ilipo, haangalii kikombe kilipo. Mkono unajua. Mtu huwezi kuigiza hivyo wiki ya kwanza ya mazoezi. Ni mwili uliokwisha kuishi jikoni pale usiku baada ya usiku, hata kuchoka kwake kukawa na mahali pa kuegemea. Ninyi miaka yenu miwili imewapa mali hiyo hiyo. Msije mkaitupa kwa kumtafuta mwigizaji mwenye jina kubwa wiki moja kabla ya kamera kufika.

Na kuna jambo la umri ambalo mtu akiambiwa hurudi kuitazama filamu upya. Claudia McNeil alizaliwa mwaka 1917, Poitier mwaka 1927. Miaka kumi tu kati ya "mama" na "mwana"! Aliyecheza ajuza wa miaka sitini na ushei alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwimbaji aliyeingia kwenye uigizaji baadaye. Hakujipaka mvi akatosheka. Uzee aliutia kwenye namna ya kukaa: anashusha mwili kitini taratibu, kisha hasimami bila sababu. Binti wa kikundi chenu anayecheza bibi amtazame huyo.

Sasa ugomvi. Nauita ugomvi kwa sababu ulikuwa ugomvi kweli, na Poitier mwenyewe aliuandika baadaye katika kumbukumbu zake. Yeye aliamini hadithi ni lazima iende kwa jicho la Walter Lee. Akiwa dhaifu huyo, alisema, igizo lote linageuka kuwa la mama mwenye nguvu na mwana asiyefaa, na picha hiyo ya mwanamume Mweusi hakutaka kuibeba. McNeil alikuwa upande wa pili wa kamba, na uhusiano wao ukawa wa baridi. Baada ya miezi kadhaa Poitier aliondoka jukwaani, nafasi yake akachukua Ossie Davis, mume wa Ruby Dee wa ndoa, kwa hiyo kwa muda Ruth alikuwa anapigizana kelele na mumewe halisi. Halafu filamu ikaja, Poitier akarudi, na wale wawili wakawekwa tena chumba kimoja.

Mimi naona filamu imefaidika kwa sababu ugomvi ule haukuisha. Kila Mama na Walter wanaposimama uso kwa uso, hakuna anayempisha mwenzake. Angekuwepo mwongozaji mwoga angemwambia mmoja apunguze. Hapa wote wawili wamekaza, nawe mtazamaji unahamahama: dakika hii unasema mama ana haki, dakika ijayo unamwona kijana wa miaka thelathini na mitano anayepewa ruhusa kama mtoto, moyo unakuuma kwa ajili yake.

Waongozaji walikuwa wawili tofauti. Jukwaani alikuwa Lloyd Richards, Mweusi, ambaye Poitier ndiye aliyempendekeza, na kwa kazi ile akawa mwongozaji wa kwanza Mweusi Broadway kwa zama hizi. Filamu ilipewa Daniel Petrie, mzungu aliyetokea kwenye michezo ya televisheni. Wote wawili, kwa bahati, walikuwa wazaliwa wa Kanada. Petrie amelaumiwa sana kwa kuganda chumbani. Nitamtetea kidogo mbele huko.

Mwandishi ndiye wa kumjua vizuri. Lorraine Hansberry alizaliwa Chicago mwaka 1930. Igizo lilipofunguliwa alikuwa na miaka 28, na kabla yake Broadway haikuwahi kuonyesha igizo lililoandikwa na mwanamke Mweusi. Mwaka ule ule alipata tuzo ya wakosoaji wa tamthilia wa New York, Mweusi wa kwanza kuipata. Jina la igizo alilichukua kwenye shairi la Langston Hughes linalouliza ndoto iliyoahirishwa huwa inakuwaje: je, hunyauka kama zabibu juani?

Watu hudhani aliandika kuhusu umaskini wa nyumbani kwao. Sivyo. Baba yake, Carl Hansberry, alikuwa mfanyabiashara wa nyumba, na biashara yake ilikuwa vyumba vile vile: nyumba kubwa inakatwa vipande, kila kipande kinawekewa jiko dogo la kupikia, kinapangishwa kwa familia nzima. Kwa hiyo Lorraine kile chumba alikijua kwa upande wa mwenye nyumba. Nadhani ndiyo maana ameandika kwa uangalifu mkubwa hivyo, kama mtu anayelipa deni. Lakini nyumba ya Clybourne Park aliijua kwa ngozi yake. Mwaka 1937 baba alinunua nyumba mtaa wa wazungu, eneo la Woodlawn, ambako wenye nyumba walikuwa wamefungana kwa mkataba wasimuuzie wala kumpangishia Mweusi. Umati ukajaa nje. Kitu kizito kikarushwa dirishani, kikamkosakosa Lorraine. Mama yake alikesha akizunguka nyumba na bastola. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1940 familia ilishinda, ingawa kwa hoja ya utaratibu tu. Mikataba yenyewe haikufutwa siku ile.

Ukilijua hilo, yule Lindner wa John Fiedler anakuwa wa kutisha zaidi. Fiedler ni mtu mfupi, sauti nyororo, mpole. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya Piglet katika katuni za Winnie the Pooh. Hafoki, hatukani. Ameshika kofia, anaomba radhi kwa kusumbua, anazungumza habari za watu kuelewana, kisha anatoa hesabu ya kuwanunua wasihame. Hansberry angeweza kuuleta umati na mawe, maana aliwaona. Akamleta karani mpole. Kama igizo lenu lina adui, mwangalieni tena kama anapiga kelele bila kuhitaji.

Fedha za jukwaa hazikuja kirahisi. Mumewe Lorraine, Robert Nemiroff, alikuwa ametunga wimbo na rafiki yake ukashika chati, na mapato yake ndiyo yaliyompa mkewe nafasi ya kuacha vibarua aandike. Mtayarishaji Philip Rose alihangaika zaidi ya mwaka mzima kukusanya mtaji kwa watu wengi wa vipande vidogo vidogo, kwa sababu wakubwa wa Broadway hawakuamini kwamba watu watalipa kiingilio kuitazama familia ya Weusi ikila mayai. Ilibidi wazunguke kwanza New Haven, Philadelphia na Chicago. Watu wakajaa. Ndipo New York ikafungua mlango.

Baada ya hapo Columbia Pictures ikanunua haki za filamu, watayarishaji wakawa David Susskind na Philip Rose, na Hansberry mwenyewe akapewa kuandika skripti. Hapa sasa ndipo lilipo jibu la "kutoka nje", maana yeye alitoka. Aliandika matukio mapya mengi. Alimwandikia Lena siku yake ya mwisho ya kazi kwenye nyumba ya wazungu aliowatumikia. Alimwandikia safari ya sokoni: matufaha ya mtaani kwao ni mabovu na bei ni kubwa, anapanda gari kwenda mbali, na katika safari hiyo ndipo anapoanza kuwaza nyumba. Alimwandikia Walter mazungumzo na mzungu mwenye duka la pombe, na tukio la kusimama kona ya barabara akimsikiliza mhutubu wa mtaani akieleza hali ya mtu Mweusi.

Studio ikakata. Karibu theluthi ya alichokiandika haikufika kwenye skrini, na skripti yake kamili ilichapishwa kitabu mwaka 1992 tu, yeye akiwa kaburini tangu Januari 1965, alipokufa kwa saratani akiwa na miaka 34. Nimeisoma kwa uchungu. Tazama walichobakiza cha nje: Walter kwenye gari la bosi wake, baa, familia kwenda kuiona nyumba mpya. Yote haya ni mahali tu. Yaliyokatwa yalikuwa sababu. Yangekuonyesha nani anabana ile familia: mwajiri, muuza matufaha, mji wenyewe. Studio iliogopa kumkera mtazamaji wa kizungu, ikabakiza familia nzuri inayogombana ndani. Kwa hiyo lawama ya chumba isimwendee Petrie peke yake. Alipewa chumba, akafanya la busara: alikitumia. Yeye na mpigapicha wake, Charles Lawton Jr., wanawajaza watu kwenye fremu moja, mmoja mbele, mmoja kati, mwingine mlangoni nyuma, mpaka unaona hakuna pa kwenda kulia faraghani. Jukwaani ukuta wa nne huwa wazi, watu wanapumua kuelekea kwa watazamaji. Kwenye filamu ukuta wa nne umefungwa na wewe umefungiwa humo. Mtu aliyekulia nyumba ya kupanga, vyumba viwili watu saba, haelezwi jambo hilo mara mbili.

Nikupeleke pembeni kidogo, kwa sababu kuna uzi unaofika kwetu. Katika igizo, Beneatha anavaa vazi la Kiyoruba alilopewa na Asagai, anacheza ngoma sebuleni, Walter anarudi amelewa, anapanda juu ya meza na kuhutubia kama jemadari wa Kiafrika. Kwenye maneno yale anamtaja Jomo Kenyatta kuwa ni mtu wake. Watu wa New York walicheka, na tukio ni la kuchekesha kweli. Lakini Machi 1959 Kenyatta alikuwa bado mfungwa Lokitaung, na magazeti mengi ya Magharibi yalimwita kiongozi wa mauaji. Hansberry hakulitia jina lile kwa kubahatisha. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye gazeti la Freedom la mwimbaji na mwanaharakati Paul Robeson, akaandika habari za Kenya humo. Ndugu wa baba yake, William Leo Hansberry, alifundisha historia ya Afrika Chuo Kikuu cha Howard, na Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, alikuwa mwanafunzi wake. Asagai naye hakutoka hewani.

Na Poitier, aliyekuwa akiyasema maneno yale, alikuwa amekwisha kuiona Kenya. Mwaka 1957 ilitoka filamu ya Something of Value, ya vita vya Mau Mau, ambayo sehemu yake ilipigwa Kenya. Poitier alikuwa Kimani, na Ivan Dixon alikuwemo pia. Ule ule mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za wanafunzi wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani, barua ya kuomba michango ilitoka na sahihi za mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wanafunzi 81 walipaa mwaka ule. Usiku Poitier anapanda mezani kama mlevi na kumtaja Kenyatta, mchana jina lake liko kwenye barua ya kuwaleta vijana wa Kenya wasome. Nikiwaeleza vijana jambo hili huwa wananyamaza, na mimi pia bado linanigusa.

Kuna kitu kingine kilipotea kabla hata ya filamu. Hansberry aliandika kwamba Beneatha anakata nywele zake zilizonyooshwa na kubaki na nywele zake za asili. Katika maandalizi ya 1959 Diana Sands alikatwa nywele, mkato haukumkaa sawa, tukio likaondolewa karibu na ufunguzi. Maonyesho ya miaka ya baadaye yalilirudisha. Sands mwenyewe alikufa mwaka 1973 akiwa na miaka 39. Ukimtazama anavyomjibu kila mtu mle ndani kwa kasi na ucheshi, unajua tulinyimwa kazi nyingi.

Mapokezi nitayapita haraka. Mwaka 1961 filamu ilipata tuzo ya Gary Cooper huko Cannes, Ruby Dee akatuzwa na National Board of Review, Poitier na McNeil wakateuliwa kwa Golden Globe, na Oscar haikuigusa hata kwa uteuzi mmoja. Mwaka 2005 iliingizwa kwenye hazina ya taifa ya filamu ya Marekani. Televisheni imeirudia mwaka 1989, Danny Glover na Esther Rolle, na mwaka 2008, Phylicia Rashad akiwa Mama. Hii ya 2008 nayo ilibeba waigizaji waliotoka pamoja jukwaani.

Sasa ninyi. Msitoke nje kwa sababu mnaona aibu ya chumba. Chukueni igizo lenu, kila tukio mliulize: kinachowabana watu hawa kiko wapi? Kama kiko ndani, baki ndani, sogeza kamera karibu, funga mlango. Kama kiko nje, kwa mwenye nyumba, kazini, kwenye ofisi ya mkopo, basi nendeni huko mkakionyeshe mara moja tu, kwa ukamilifu, kisha rudini. Kwenda ufukweni kupiga picha ya machweo kwa sababu Tanga ina bahari nzuri hakutaisaidia familia yenu. Na sauti zenu mzipunguze: jukwaani mmezoea kumfikia aliyekaa kiti cha mwisho, kamera imekaa puani. McNeil alilijua hilo vizuri. Mpaka leo nikiona anavyompiga kofi Beneatha kwa kusema hakuna Mungu, kisha akaishusha sauti badala ya kuipandisha, nashika shavu langu.

Kabla ya kuanza kupiga picha, kaeni pamoja mtazame tukio moja, lile Lindner anaporudi mara ya pili. Walter amekusudia kuuza heshima ya nyumba, amekwisha kufanya mazoezi ya kupiga magoti mbele ya familia yake. Ruth anataka mtoto atoke. Mama anakataa: abaki, na Walter amwonyeshe anachokifanya. Tazameni mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili bila sauti, mara ya tatu msimwangalie Poitier kabisa, mwangalieni kila mmoja wa wengine kwa zamu. Kisha niandikie mmeona nini mikononi mwa Ruby Dee.